Maswali ya Mitambo: “S” inayochoma masikio, mashindano ya ukubwa wa sauti, na bando la msikilizaji

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwenye redio za jamii na redio za mtandaoni, na karibu zote zinauliza kifaa gani kinunuliwe. Majibu yetu mengi hayadai kununua kitu. Sauti ikishaharibika mwanzoni mwa safari yake, kwenye maiki, kwenye faili au kwenye waya, hakuna mtambo wa mbele utakaoirudisha ilivyokuwa. Ndiyo maana tunaomba kasoro itafutwe kuanzia studio kuelekea mnarani, hatua kwa hatua, hadi upate mahali sauti inapoingia safi na kutoka chafu.

SWALI: Tumefunga transmita mpya ya FM tuliyoagiza nje. Ukisikiliza studio kwa hedifoni, sauti ni safi kabisa. Ukisikiliza kwenye redio, kila “s” na “sh” inachoma masikio, na violini za taarabu zimekuwa kali mno. Tumepunguza sauti za juu kwenye miksa lakini sasa watangazaji wanasikika kama wamefunikwa blanketi. *Fundi mitambo, Tanga*

JIBU: Rudisheni kwanza vile vitufe vya miksa vilivyokuwa, kwa sababu miksa haina kosa. Dalili zenu zinaelekea kwenye priemfasisi.

Katika FM, kelele ya “shhh” huzidi kadiri sauti inavyopanda kwenda juu. Dawa yake ni kwamba mtambo hunyanyua sauti za juu kabla ya kurusha, na redio ya msikilizaji huzishusha kwa kiasi kilekile. Sauti hurudi sawa na kelele hushuka pamoja nayo. Kiasi hicho hupimwa kwa mikrosekunde. Afrika, Ulaya na sehemu kubwa ya dunia hutumia 50. Marekani, Kanada na Korea Kusini hutumia 75. Kwa 50, sauti ya kilohezi 10 hunyanyuliwa kama desibeli 10.4, kwa 75, hunyanyuliwa kama desibeli 13.7. Transmita iliyotoka kiwandani ikiwa imewekwa 75 itawapa wasikilizaji wenu desibeli 3 na zaidi za ziada palepale zinapokaa “s” na “sh”. Hilo linaudhi lakini linavumilika. Kama hali ni mbaya kama mnavyoeleza, shuku yetu kubwa ni kwamba priemfasisi inawekwa mara mbili: prosesa ya sauti inanyanyua, kisha transmita nayo inanyanyua tena. Hapo ziada inakuwa desibeli 10 nzima.

Hakikisheni hivi. Zimeni usindikaji wote wa prosesa, isipokuwa priemfasisi yenyewe, ili isisawazishe kipimo chenu. Pitisheni mlio wa hezi 400, halafu mlio wa kilohezi 10, yote kwa kiwango kimoja, na kiwango hicho kiwe desibeli 20 chini ya kilele cha juu kinachoruhusiwa. Msithubutu kuupitisha mlio wa kilohezi 10 kwa nguvu kamili, maana utapanda zaidi ya desibeli 10 na kuvuruga masafa ya jirani. Kisha pimeni kwenye risiva nzuri inayojulikana kuwa ya 50. Milio ikitoka sawa, mpo vizuri. Wa kilohezi 10 ukizidi kwa desibeli 3, transmita ipo kwenye 75. Ukizidi kwa 10, mmenyanyua mara mbili. Ukipungua kwa 10, hakuna aliyenyanyua, na sauti itakuwa imefubaa.

Kazi hiyo iachwe kwa kifaa kimoja tu, na kifaa hicho kiwe prosesa, kwa sababu limita yake, sehemu inayozuia vilele, huona sauti ikiwa imeshanyanyuliwa na kuidhibiti. Kwenye transmita chagueni 0. Katika mitambo ya zamani hakuna menyu. Tafuteni vijiswichi vidogo au daraja la pini kwenye bodi ya eksaita (sehemu ya transmita inayotengeneza mawimbi ya FM), karibu na tundu la kuingizia sauti. Mitambo mingi hupitisha priemfasisi kwenye matundu ya kushoto na kulia tu, si kwenye tundu la MPX (la mawimbi ya stirio yaliyokwisha kuunganishwa pamoja), kwa hiyo mkihamisha waya kutoka tundu moja kwenda jingine, rudieni kipimo.

Baada ya hapo, “s” zitakazobaki ni za mdomo na maiki. Mtangazaji akae sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maiki na aizungushe kidogo ili pumzi ipite pembeni.

SWALI: Kituo jirani kina nguvu sawa na yetu, lakini msikilizaji akihama kutoka kwao kuja kwetu inabidi aongeze sauti. Bosi anataka tuwe na sauti kubwa kuliko wote mjini. *Mhandisi msaidizi, Mwanza*

JIBU: Kipimo cha FM ni kimoja kwa wote: masafa yasiyumbe zaidi ya kilohezi 75 kila upande. Kwa hiyo kuna mawili. Ama nyinyi hamjafika 75, ama jirani ameibana sauti yake hadi imejaa pomoni.

Anzeni na la kwanza, maana halina madhara. Pimeni deviesheni, yaani huko kuyumba kwa masafa, kwa mita halisi ya FM, msikisie kwa taa za transmita. Kituo ambacho vilele vyake vinaishia kilohezi 50 kimepoteza desibeli 3.5 bure. Katika hizo 75 kumbukeni kuna mlio wa majaribio wa kilohezi 19, unaoziambia redio kuwa matangazo ni ya stirio, na huchukua kama asilimia 9, yaani kilohezi 6.75. RDS, inayoandika jina la kituo kwenye kioo cha redio, huchukua kilohezi 2 hadi 4. Tumekuta vituo vinavyorusha RDS kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Kila kilohezi mnachoipa RDS mmeinyang’anya sauti.

Msivuke 75. Risiva za bei nafuu na za simu zina vichujio vyembamba, na mawimbi yakipanuka kuliko kichujio, sauti inapasuka. Mnakuwa mmeongeza nguvu kwa mwenye redio ya gharama, na kumharibia mwenye redio ya mkononi, ambaye ndiye msikilizaji wenu mkubwa.

La pili ni kubana. Ndani ya prosesa kuna mfuatano: kisawazishi cha polepole, kompresa ya bendi kadhaa, limita, na mwisho klipa inayokata vilele. Kosa tunalolisikia kila siku hewani ni kumpa klipa kazi ya kisawazishi. Kisawazishi ndicho kishughulikie tofauti kati ya wimbo na wimbo, kwa mwendo wa sekunde kadhaa. Kompresa ishushe desibeli 4 hadi 6. Limita ishushe 3, mkipenda sana 6. Klipa iguse vilele vya hapa na pale tu. Ikifanya kazi mfululizo, inazaa mikwaruzo ambayo haikuwamo kwenye wimbo, na mikwaruzo hiyo ndiyo inayomchosha msikilizaji hadi azime redio bila kujua sababu.

Mpelekeeni bosi ushahidi badala ya mabishano. Rekodini nusu saa ya matangazo kwa mpangilio wa sasa na nusu saa kwa mpangilio uliobanwa, kisha lazimisheni rekodi zote mbili ziwe na ukubwa mmoja wa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, kabla ya kumsikilizisha. Hatua hiyo ni ya lazima. Sikio la mtu yeyote hupenda kilicho kikubwa zaidi, hata kama ni kibovu. Zikiwa sawa, iliyobanwa huonekana bapa na ya kuchosha. Ujerumani na Uswisi zimelimaliza suala hili kisheria kwa kuweka kikomo cha wastani wa nguvu ya mawimbi ya MPX, kufuatana na pendekezo la shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU-R BS.412, na mashindano yamepoa. Huku kwetu yatapoa wahandisi wakikataa.

Tazameni pia kiti cha mtangazaji. Mara nyingi kituo kinakuwa kimya kwa sababu maiki imewekwa chini na nyimbo zimewekwa kwenye taa nyekundu, hivyo prosesa inashusha kila kitu. Kwenye mita ya kidijitali, maongezi na nyimbo vyote viishi karibu na -18, na vilele visipite -9.

SWALI: Tuna redio ya mtandaoni. Wasikilizaji wa nyumbani wanalalamika tunakula bando, wa Muscat na London wanasema sauti ni mbovu, na tukifika wasikilizaji themanini matangazo yanakatakata. Sauti ya mtandao tunaichukua kwenye redio ya FM iliyo mezani. Tena, kwa nini matangazo ya mtandaoni yanachelewa? *Mtayarishaji vipindi, Mombasa*

JIBU: Haya ni mambo matatu, na la kukatakata ndilo rahisi zaidi. Bila shaka mmeweka seva hapo hapo studio. Kila msikilizaji anavuta nakala yake mwenyewe, kwa hiyo wasikilizaji 80 kwa kilobiti 128 kwa sekunde wanahitaji megabiti 10.24 za kupandisha, na laini nyingi za ofisi hazina kasi hiyo kwenda juu hata kama kushuka ni haraka. Hamisheni seva ya Icecast, programu inayowagawia wasikilizaji matangazo, kwenye kampuni ya kuhifadhi tovuti yenye njia pana. Kutoka studio mtapandisha nakala moja tu, na laini yenye uwezo mara tatu ya kiwango chenu itatosha. Wekeni pia njia ya akiba kwenye Icecast: laini ya studio ikikatika, msikilizaji ahamishiwe kwenye nyimbo zilizohifadhiwa kwenye seva, na arudishwe laini ikipona. Akiba hiyo iwe na kodeki (njia ya kubana sauti) ileile na kiwango kilekile cha sampuli, la sivyo simu nyingi zitanyamaza wakati wa kuhama.

Bando sasa. Hesabu yake ni hii: kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa 0.45, unapata MB kwa saa. Kiwango cha 128 kinakula MB 57.6 kwa saa. 64 kinakula 28.8, 48 kinakula 21.6. Msikilizaji wa saa 3 kwa siku atamaliza kama GB 5.2 kwa mwezi kwenye 128, na GB 1.9 kwenye 48.

Lakini msishushe MP3 hadi 48. MP3 ya stirio chini ya 96 inatoa sauti ya majimaji, makofi na matoazi yanageuka kuwa miluzi. Tumieni HE-AAC, ambayo hubana sauti za chini kwa njia ya kawaida na kuzijenga upya sauti za juu kutokana na maelezo mafupi. Kwa 48 inasikika vizuri kwa maongezi na kwa muziki mwingi. Toleo lake la pili hubana hata stirio yenyewe na hufaa kwa 24 hadi 32, ila tunaliona linafaa zaidi kwenye vipindi vya maongezi. Kwaya na taarabu hupoteza upana wake. Opus nayo ni nzuri sana kwa viwango hivi na haina ada ya leseni, ila jaribuni kwanza kwenye simu za wasikilizaji wenu, kwa kuwa si kila programu inaifungua.

Tengenezeni matangazo mawili: moja la HE-AAC 48 kwa wenye bando, jingine la AAC ya kawaida 128 kwa walio kwenye Wi-Fi. Yote mawili yatoke moja kwa moja kwenye sauti ya studio. Lile dogo lisitengenezwe kwa kulibana lile kubwa.

Ubovu unaosikika London huenda hautokani na kiwango kabisa. Mmeeleza kuwa sauti ya mtandao mnaichukua kwenye redio ya FM iliyo mezani. Sauti hiyo imeshabanwa, imeshakatwa vilele, imeshachujwa juu ya kilohezi 15, na imebeba kelele za hewani. Kodeki haijui kutofautisha mkwaruzo na muziki, inatumia biti zake kuhifadhi mkwaruzo. Chukueni sauti kwenye tundu la pili la miksa, ipitisheni kwenye limita nyepesi, isiyo na priemfasisi wala klipa. Lengo liwe -16 LUFS, na vilele halisi visizidi -1. Nafasi hiyo ya desibeli moja ni ya lazima, kwa sababu kodeki inapofungua faili, vilele hupanda kidogo kuliko vilivyoingia.

Kuhusu kuchelewa, mliyouliza chini ya barua: Icecast, isipobadilishwa, humpa msikilizaji mpya furushi la baiti 65,535 mara anapojiunga ili aanze kusikia papo hapo. Kwa kilobiti 64 hizo ni sekunde 8 za sauti; kwa 48 ni karibu 11. Msikilizaji atabaki nyuma kwa muda huo. Mnaweza kulipunguza, lakini mwenye mtandao dhaifu atakatikiwa mara nyingi zaidi. Kwa mpira punguzeni, kwa muziki acheni.

SWALI: Mtangazaji mmoja anasikika vizuri kwenye gari, lakini kwenye redio ndogo na kwenye spika ya simu anapotea, muziki unabaki. *Bagamoyo*

JIBU: Waya umegeuzwa. Kwenye plagi ya XLR pini ya 1 ni ngao, ya 2 ni chanya, ya 3 ni hasi. Mahali fulani kwenye njia ya mtangazaji huyo, upande mmoja wa stirio umeunganishwa 2 kwenye 3. Kushoto kunasukuma wakati kulia kunavuta. Kwenye gari hamgundui, lakini redio ya spika moja inajumlisha pande mbili na jawabu ni sifuri. Bonyezeni kitufe cha mono kwenye miksa mkisikiliza maiki hiyo, kisha rukeni kifaa kimoja baada ya kingine hadi sauti irudi. Fungueni plagi za hapo na mzisolde upya. Kitufe cha mono kibonyezwe kila asubuhi kabla ya kwenda hewani, kwa maiki zote.

SWALI: DJ wetu anapokea nyimbo za wasanii kwa WhatsApp. Zinasikika sawa kwenye simu, hewani zinakuwa za hovyo. *Kampala*

JIBU: Wimbo ukitumwa kama ujumbe wa sauti, programu huubana upya. Ukishushwa kutoka kwenye video, umebanwa tena. Kisha kiungo chenu cha studio hadi mnara kikitumia kodeki, unabanwa mara ya tatu, na tangazo la mtandao ni mara ya nne. Kila mara kodeki hutupa kile inachodhani sikio halitakisikia, na makosa yanapandana. Mwambieni msanii atume faili kama dokyumenti, iwe FLAC au WAV, au ikishindikana MP3 ya 320 iliyotoka kwa mtayarishaji mwenyewe. Kubadilisha MP3 ya 128 kuwa WAV hakuongezi chochote isipokuwa ukubwa wa faili. Ili kumkamata anayefanya hivyo, fungueni faili kwenye programu inayoonyesha picha ya masafa: MP3 ya 128 mara nyingi hukatika wima karibu na kilohezi 16, kama ukuta.

SWALI: Saa ya habari tunajiunga na idhaa ya Kiswahili ya nje kupitia setilaiti, na sauti inashuka ghafla. Opareta huwa anapandisha kwa mkono, halafu husahau kushusha. *Kigoma*

JIBU: Watangazaji wengi wa Ulaya hutayarisha vipindi kwa kufuata EBU R 128, kiwango cha ukubwa wa sauti cha umoja wa watangazaji wa Ulaya kilichotolewa mwaka 2010, chenye wastani wa -23 LUFS. Matangazo ya biashara yanayotengenezwa mijini kwetu mara nyingi yapo karibu na -12. Pengo hilo la desibeli 11 halina dosari ya waya ndani yake. Rekodini kipindi kizima cha habari, pimeni LUFS yake kutoka mwanzo hadi mwisho, pimeni na kipindi chenu, kisha ongezeni tofauti hiyo kwenye kitufe cha kuingizia sauti cha njia ya setilaiti na mkifunge kwa utepe. Opareta abaki na kitelezi chake mahali pamoja siku zote.

SWALI: Tumepanga trei za mayai ukuta mzima lakini chumba bado kinavuma, na bodaboda zinasikika hewani. *Bukoba*

JIBU: Mna matatizo mawili, na trei hazitibu hata moja. Kumeza mwangwi kunahitaji kitu kinene chenye vitundu ambamo hewa inapita. Trei ni karatasi nyembamba, inagusa sauti za juu kidogo tu na kuuacha ule mvumo wa chini, ndiyo maana chumba sasa kinasikika kizito zaidi kuliko mwanzo. Tengenezeni fremu za mbao, zijazeni pamba ya madini yenye unene wa sentimita 10, zifunikeni kwa kanga, na muache nafasi ya sentimita 10 kati ya fremu na ukuta. Pamba ikibandikwa moja kwa moja ukutani haimezi vizuri sauti za chini. Nafasi hiyo ya hewa inaifanya imeze sauti za chini zaidi bila kununua pamba zaidi. Kitambaa kipimwe kwa mdomo: kama hamwezi kupuliza hewa ikapita, kinaakisi sauti, msikitumie. Anzeni na ukuta ulio nyuma ya mtangazaji na zile pembe za chumba.

Bodaboda ni suala jingine. Sauti ya nje huzuiwa na uzito na kuziba hewa. Pamba na godoro havizuii. Tazameni chini ya mlango. Ufa wa upana wa kidole unatosha kuharibu kazi ya ukuta mzima. Wekeni mpira kuzunguka fremu, mlango uwe wa mbao nzito isiyo na uwazi ndani, na dirisha la barabarani lijengwe kwa tofali au liwe na vioo viwili vyenye unene tofauti.

SWALI: Laptopu ikiunganishwa na miksa kuna mvumo wa umeme. *Kisumu*

JIBU: Chomoeni chaja. Mvumo wa hezi 50 au 100 ukiisha laptopu ikiwa kwenye betri, ni mzunguko wa ethi: laptopu na miksa vina njia mbili za kufika ardhini. Wekeni transfoma ndogo ya sauti yenye uwiano wa 1:1, ohmu 600, kati ya laptopu na miksa. Pini ya ethi kwenye plagi ya umeme isikatwe kamwe, maana siku waya wa ndani ukigusa bati, mtu atakayeshika maiki ndiye atakuwa njia ya umeme kwenda ardhini.

SWALI: Wasikilizaji wa vijiji vya mbali wanapata “shhh” nyingi. Sisi ni redio ya maongezi tu. *Mbeya*

JIBU: Rusheni mono. Stirio ya FM huongeza kelele kwa zaidi ya desibeli 20 mahali ambapo mawimbi ni dhaifu, na maongezi hayafaidiki nayo. Hakikisheni mmezima pia ule mlio wa kilohezi 19. Ukibaki, redio ya msikilizaji itaendelea kufungua stirio, na kelele itabaki palepale hata kama sauti mnayoirusha ni moja.